Apiyo Bila Adongo

"Usiguse tena, Mama. Hapo imetosha," Laban, kijana aliyekuja kumfundisha kompyuta, akasema, na Agneta akaondoa vidole kwenye kibodi haraka, kama mtu aliyeambiwa sufuria ni ya moto.

Namba ilikuwa kwenye skrini: 212. Laban akatoa karatasi mfukoni, akalinganisha na jibu alilokuja nalo. Mia mbili na kumi na wawili. Ndio watoto waliopitisha miezi tisa bila chanjo ya surua, wote wamepatikana kwa swali moja ambalo Agneta Nakhungu alikuwa ameliandika mwenyewe, herufi kwa herufi, bila kusaidiwa.

"Sasa printi ripoti, halafu nikusainie kwamba umepita test," akasema Laban. "Kesho narudi Nairobi."

Saini hiyo ndiyo iliyokuwa riziki ya Agneta. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 1991, wafadhili walipoileta kompyuta katika ile zahanati ya watoto nyuma ya soko la Kibuye, Kisumu, barua ilibandikwa ukutani: chumba cha kadi kitafungwa, na karani atakayeshindwa na mashine aende nyumbani. Agneta alikuwa amekaa katika chumba hicho miaka kumi na minne. Aliingia akiwa msichana kutoka Bungoma, na sasa alikuwa mjane mwenye watoto watatu na chumba cha kupanga mtaani Migosi. Nyumbani kwenyewe ni wapi?

Basi alijifunza. Watu walimcheka, naye akawaacha wacheke hadi wakachoka. Alichora kibodi kwenye kipande cha katoni ya sabuni, na kila asubuhi, chai ikichemka, vidole vyake vilikuwa vikitafuta herufi juu ya katoni hiyo. Wiki ya kwanza alifuta faili zima, akaenda chooni akalia. Mwezi wa pili alitengeneza fomu ya kuingizia watoto, na ikatoka nzuri kuliko ya mwalimu wake, kwa sababu aliipanga kama kadi yenyewe: mama kwanza, mtoto baadaye. Laban aliikubali shingo upande.

Printa ikaanza kukereza. Agneta akachana karatasi, akaipitia kwa kidole kama alivyozipitia kadi miaka yote. Gari la chanjo lingetoka Jumatatu kuwatafuta watoto hawa kuanzia Obunga mpaka kule ufuoni, na ambaye hayumo kwenye orodha hatatafutwa na mtu.

Ukurasa wa pili, kidole kikasimama.

Apiyo. Mistari michache chini yake, Apiyo mwingine. Kisha Opiyo. Akarudi mwanzo, akahesabu. Apiyo na Opiyo kumi na wanne. Adongo hakuna hata mmoja. Odongo alikuwa mmoja tu, na huyo Agneta alimjua: aliitwa hivyo kwa ajili ya babu yake.

Mjini Kisumu hata mgeni wa juzi anajua. Pacha anayetangulia ni Apiyo au Opiyo. Anayemfuata ni Adongo au Odongo. Kwao Bungoma ni Mukhwana na Mulongo. Sasa hawa kumi na wanne wametangulia, na nyuma yao hakuna anayekuja.

Moyo wake ulifanya jambo la aibu: ulimwambia anyamaze. Kalamu ya Laban ilikuwa tayari mkononi. Angenyamaza tu kwa dakika moja, na maisha yangeendelea. Agneta akaukasirikia moyo wake mwenyewe.

"Bwana Laban, hii orodha haijatimia."

"Aje? Namba ni ile ile yangu."

"Basi hata yako haijatimia."

Laban akacheka kidogo. "Mama, kompyuta haikosei."

"Haikosei. Imefanya vile uliiambia. Wale mapacha wa pili wote wamepotea."

Adero, nesi mkuu, alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. "Yawa! Apiyo bila Adongo? Hiyo umeona wapi?"

Kijana akakunja uso. Akaeleza kwamba wakati wa kuingiza kadi, watoto wengi waliandikwa mara mbili. Ndipo akatengeneza faharasa, ile orodha ya ndani inayoipangia mashine rekodi zake, akaiamuru: mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, onyesha mtoto mmoja tu. Anayefuata afichwe.

"Ukitoa hiyo, zile double zote zinarudi," akasema. "Na hii namba nimeshapelekea wafadhili. Nikisaini, hii ndio nasaini. Kama si hii, test haijapita."

"Basi haijapita," Agneta akasema. Akaketi tena.

Akaanza kuandika faharasa mpya. Mama. Tarehe. Kisha akaongeza kile ambacho mwalimu hakukiona kuwa na maana: jina la mtoto. Mashine ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma tena. Laban akatazama saa yake, akihakikisha kwamba anaonekana. Agneta akajifuta viganja kwenye sketi, akausoma mstari wote kwa sauti ya chini, akaona alama iliyokosekana, akaiweka, akabonyeza.

Mashine ikakubali. Akauliza swali la surua upya.

226.

Adero akahesabu kwa vidole. "Kumi na nne zaidi," akasema. Karatasi ilipoanza kutoka akaidaka, akaisoma akiwa amesimama, na kicheko kikamtoka. "Lakini hii mashine yenu haina adabu. Imefuata alfabeti, ikaweka Adongo mbele ya Apiyo!"

Mbele ya Laban ilikuwepo karatasi ya matokeo, jina la Agneta limeshaandikwa, mahali pa saini pakiwa peupe. Alitazama skrini, akatazama karatasi, akafunika kalamu. Agneta aliiona kalamu ikifunikwa, lakini hakuinuka.

Kijana akavuta stuli, akaketi nyuma ya bega lake. Akaigeuza ile karatasi upande usioandikwa. Akafungua kalamu tena.

"Hiyo laini ya faharasa," akasema, "nisomee niandike hapa nyuma, wafadhili waione nikishasaini. Pole pole, Mama."

Agneta akaweka kidole mwanzo wa mstari, akaanza kumsomea.