Mjomba Akiita Nuru

Wenzake wote walikwisha kuingia karakana na kutoka, akabaki Kijani peke yake kwenye benchi la nje, na Mwalimu akatamani ashikwe homa ya ghafla ili mtu mwingine aje kumsimamia mtihani. Kijani alikuwa mjomba wake. Tena si mjomba wa kuonana misibani tu, la hasha. Ndiye aliyemchukua akamlea baada ya mama yake kufariki, ndiye aliyemtia spana mkononi, na kwa miaka minane Mwalimu, bado binti, alimbebea mkoba wa vifaa nyumba hadi nyumba, kabla hajaenda kusoma na kurudi kuwa mwalimu wa mafundi friji.

Alikuwa amemweleza mkuu wa chuo mapema. "Yule ni mjomba wangu, siwezi kumtahini."

"Fundi gani hapa asiyekuwa mjomba wa mtu?" mkuu akamjibu bila kuinua kichwa. "Mwenzako anaumwa. Ingia kazini."

Na mtihani wenyewe ulikuwa wa kufa na kupona. Kuanzia mwezi ujao maduka hayangemuuzia gesi fundi asiye na kadi ya kufaulu mtihani huu, basi. Ile gesi ya zamani waliyoizoea, inayopanda juu na kulila tabaka la ozoni linalotukinga na ukali wa jua, ilikuwa ikiondolewa sokoni. Iliyokuja badala yake haili kitu huko juu, ila huku chini inashika moto sawasawa na ya jikoni. Kijani alikwisha kuanguka mara moja. Alifungua vali akaiachia gesi yote hewani, fyuuu, kama alivyozoea miaka thelathini, na alipoulizwa mbona hakuivuta kwenye mtungi, akajibu kwamba hata friji lazima lipumue. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Leo ilikuwa nafasi ya pili na ya mwisho; akianguka tena, hadi mwaka mwingine. Fundi friji mwaka mzima bila gesi! Afanye nini, awapepee watu?

Hilo jina la Kijani alipewa na mafundi wenzake. Enzi zao gesi ikivuja waliitafuta kwa moto. Fundi anapiga magoti nyuma ya friji, ananyoosha mkono nyuma bila kutazama, anaita, "Nuru!" Msaidizi anawasha kitaa kidogo cha moto chenye kipande cha shaba na kumkabidhi. Anakipitisha kwenye mabomba polepole, na pale moto unapogeuka kijani, hapo ndipo panapovuja. Gesi ya zamani haikuwaka, iliupaka moto rangi tu. Hakuna aliyemshinda mjomba kwa kazi hiyo. Mwalimu mwenyewe aliitikia nuru mpaka akawa anaitikia usingizini, na alipoondoka, zamu ikaenda kwa binti wa mwisho wa mjomba.

"Haya, mjomba, ingia," alisema sasa, akijikaza. "Kiberiti unacho?"

"Umeninyang'anya asubuhi, wewe. Umesahau?"

Kweli. Alikuwa amekusanya viberiti vya gesi vya watahiniwa wote waliokuwa navyo mlangoni, vinne, akavitia mfuko wa koti ili avipeleke ofisini. Kisha mkuu akamwita, kisha kengele ikalia, na vikabaki humo humo mfukoni. Hebu fikiria. Mtu anawakagua wenzake huku moto kaubeba yeye.

Mlango ulifungwa ili upepo usikaushe povu. Friji la mtihani lilikaa ndani ya mstari wa njano ambao moto haukuruhusiwa kuuvuka, limejazwa gesi mpya, na nyuma yake chini Mwalimu alikuwa amelegeza nati moja kidogo tu. Hakukumbuka kwamba mafundi kumi na wawili walikwisha kuishika nati ile tangu asubuhi, kila mmoja akiilegeza zaidi.

"Dakika ishirini," alisema. "Tafuta panapovuja."

Jamani, mjomba alianza vizuri! Alivaa miwani, akavaa glavu, akasoma kibandiko cha gesi kwa sauti mpaka herufi ya mwisho. Akachovya brashi kwenye povu la sabuni, akapaka kiungo cha kwanza, akangoja. Cha pili, akangoja. Mwalimu aliweka alama kwenye fomu, moyo ukamtulia kidogo. Dakika ya tisa. Ya kumi na moja. Kiungo cha sita hakitoi hata kiputo kimoja, na jasho jembamba linamtiririka mjomba shingoni. Dakika ya kumi na nne.

"Iko wapi wewe, iko wapi," alinong'ona. Akalala kifudifudi, akaingiza kichwa nyuma ya kompresa ambako mwanga haukufika, na akili yake yote ikaenda kwenye bomba. Mkono wake wa kushoto ukanyooka nyuma, kiganja juu.

"Nuru!"

Na Mwalimu akaitikia.

Hakuwaza. Angewaza saa ngapi? Fomu ilimwanguka, miguu ikavuka mstari wa njano, akachutama nyuma yake, mkono ukaingia mfukoni ukatoka na kiberiti, na dole gumba likawa juu ya gurudumu, linaanza kusukuma, ndipo kifaa cha kunusa gesi, ambacho kila msimamizi hukining'iniza kifuani, kilipopiga kelele.

Dole likaganda. Mjomba akageuza shingo. Walitazamana, yeye na huyo aliyemlea, na kati yao kiberiti chekundu cha kununua gengeni. Gesi ilikuwa imetanda sakafuni, imewazunguka, haina harufu, haina rangi.

"Usisogee," Mwalimu alisema, na sauti haikuwa yake.

Mjomba akainuka taratibu, mkono ukaelekea ukutani kuwasha feni.

"Usiguse swichi, ina cheche!"

Akaurudisha mkono kama aliyeungua. Mwalimu akaufungua mlango kwa bega, wakatoka wote wawili, wakasimama ukutani wanahema. Akavitoa viberiti vyote vinne, akavipanga juu ya benchi la nje. Hofu ilimfika hapo, kwa kuchelewa.

Walingoja robo saa nzima, mlango wazi, mpaka kifaa alichokinyoosha ndani kikanyamaza. Uani hapakuwa na mtu.

"Haikuwaka," mjomba akasema hatimaye.

"Haikuwaka."

"Basi haikutokea." Hakumtazama. "Nimebakiwa na dakika sita. Turudi ndani, nimalizie kwa povu. Mwanangu, mimi sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli, hajawahi. Na angekubali, nani angejua? Yeye mwenyewe angesalimika, maana mwalimu anayekutwa na kiberiti ndani ya mstari wa njano hapewi hata nafasi ya kujieleza. Alimpenda mjomba wake kuliko watu wote waliobaki duniani. Lakini alichokiona mbele ya macho ni jiko la watu, mjomba kalala kifudifudi nyuma ya friji, mkono nyuma, na binti wa mwisho, mtiifu kama alivyokuwa yeye, anaitikia. Huyo hatakuwa na kifaa kifuani.

"Siwezi, mjomba."

"Aliyetoa kiberiti ni nani? Mimi au wewe?"

"Mimi. Nami naandika hivyo hivyo."

Akaingia akaiokota fomu sakafuni, akatoka akaiegemeza kwenye ukuta. Aliandika kwamba mtahiniwa aliita moto. Aliandika kwamba msimamizi aliuleta, akatia jina lake kamili na saa. Kalamu ilitoboa karatasi mahali pawili. Mjomba alisimama nyuma yake, anasoma kwa miwani yake, midomo inacheza.

"Watakufukuza," alisema.

"Huenda."

"Mwalimu mzima! Kwa ajili ya neno moja!" Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na machozi ndani. Akampokonya kalamu, akatia sahihi yake kwa nguvu, akaingia karakana bila kuaga.

Mwalimu alimfuata akidhani anachukua kofia yake. Alimkuta amelala tena nyuma ya friji, brashi mkononi, anapaka povu kwa mguso mwepesi, kana kwamba mtihani ndio kwanza unaanza.

"Mjomba, muda umekwisha. Umekwisha kutia sahihi."

"Nyamaza kidogo. Siwezi kuacha mashine ya watu inavuja."

Akapaka kiungo cha saba, akangoja. Akapaka nati ya chini kabisa. Kiputo kikatoka, kikavimba, kikafuatwa na kingine, na kingine.

"Ni hii?" akauliza kutoka sakafuni.

"Ndiyo hiyo, mjomba."

"Basi andika kwamba nimeipata."

Akaandika, chini ya yale mengine: panapovuja, amepapata. Na mstari uliofuata, pale pa matokeo, akaandika: hakufaulu. Mjomba akanyoosha mkono nyuma, kiganja juu, akaomba spana.