Kisu cha Daktari Odero

Mkono wa Kageha ulikuwa ndani ya ng'ombe hadi begani, na ndama alikuwa mkubwa mno. Aliutoa. Opicho, karani wa reli aliyefuga ng'ombe huyo mmoja nyuma ya nyumba za mtaa wa Tassia, alikuwa ameshausoma uso wake. Ilibidi ng'ombe apasuliwe.

Wakakimbilia kliniki ya mifugo, Kageha akampigia simu mwajiri wake, Daktari Odero, aliyekuwa karamuni mjini. Alilijua jibu kabla hajalisikia. Kanuni mpya, ambayo daktari aliibandika ukutani ili wakaguzi waione, ilimruhusu msaidizi asiye na leseni kumshika mnyama, kumwosha na kumfunga kidonda. Kisu hakikuwamo. Lakini kila mara daktari alipokuwa na shughuli zake, kisu kiliangukia mikononi mwa Kageha. Mnyama akipona, sifa zilikuwa za daktari. Majuzi mbuzi wa Mama Kezia alipokufa, daktari alimwambia yule mama, Kageha akiwa papo hapo, kwamba msichana huyu alijitwalia kazi asiyoiweza. Siku ile Kageha aliinamisha kichwa.

"Mpasue," daktari alisema. "Nitasema nilikuwepo."

"Njoo uwepo kweli, daktari."

Upande wa pili muziki ulisikika, kisha maneno makali. Daktari alimkumbusha ni nani aliyempa kazi alipotoka Vihiga mikono mitupu. Akamwuliza kama anataka ng'ombe wa watu afe. Hilo lilimchoma, maana mikono ilikuwa ikimwasha kwa hamu ya kuanza.

"Mwenye ng'ombe yuko hapa," alisema. "Mwambie wewe mwenyewe kwamba huji."

Akampa Opicho simu. Opicho alisikiliza, akasema anamngoja, akakata. Kisha akamgeukia Kageha.

"Akifa, sitakusamehe."

"Najua, Baba Mitchelle."

Walirudi bandani na mkoba wa vifaa, wakangoja, Kageha akimpapasa ng'ombe shingoni. Mara mbili aliutazama ule mkoba. Hakuugusa.

Daktari alifika na suti yake, hakumsalimu mtu. Kageha alishika kamba, akasafisha ubavu, akapokea vifaa. Daktari alikata vizuri, vizuri kuliko yeye, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi: ustadi wote huo, naye alikuwa akiuacha mezani karamuni. Ndama alitolewa hai, mnyonge, akipiga chafya. Mama yake alishonwa akiwa bado amesimama.

"Jumatatu usije," daktari alimnong'oneza.

"Nitakuja," Kageha alijibu kwa sauti yake ya kawaida, Opicho akisikia. "Ukinifukuza, wenye mifugo watataka kujua sababu, nami nitawaeleza."

Everline, mke wa Opicho, akaleta karai la maji moto na sabuni, akaliweka chini kati yao. Kageha alichutama wa kwanza kunawa. Alianza na kucha, akaja kwenye vidole, kimoja kimoja, bila haraka, huku daktari amesimama, mikono ameiweka mbali na suti, damu ikimkaukia.