Mistari Iliyopandana

Kazini kwao, idara ya maji, walimwita Sindano: kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake pia. Asubuhi hiyo dada yake, muuguzi wa wodi ya wazazi, alimpigia simu.

"Mdogo wangu, mabomba yamekauka tangu alfajiri. Nina kina mama wanne hapa na ndoo moja."

Sindano hakuhitaji kuuliza mara mbili. Pampu ya upande ule iliendeshwa na kompyuta kuukuu iliyokuwa kituoni, mbali na mji, na jana kuna aliyekosea namba kwenye faili la mipangilio: pampu ijizime presha ikifika nne, badala ya arobaini. Kurekebisha ni kufumba na kufumbua. Akaingia kwenye kompyuta ile kwa mtandao, akafungua faili, akakuta vurugu tupu. Mistari imepandana kama watu wanaogombania mlango. Akibonyeza mshale wa kushuka, kioo kinamwandikia herufi B.

"Acha hapo," alisema mkuu wa kitengo, amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Ukiharibu, mji mzima utakosa maji. Mtaalamu anakuja Jumatatu."

"Leo Alhamisi, mzee."

"Siku nazijua. Nimesema acha."

"Nimekusikia," Sindano alijibu, na vidole havikutoka kwenye kibodi.

Hofu alikuwa nayo. Akihifadhi kitu asichokiona, atazua makubwa. Kwa hiyo alitoka bila kuhifadhi chochote, akaiamuru kompyuta imsomee faili tu, bila kulifungua kwa kuhariri. Likatoka safi, toka juu hadi chini. Kumbe faili halina kasoro. Tatizo ni namna linavyoonyeshwa. Juzi ofisi ilibadilisha programu ya kuingilia mitambo, na ile kompyuta kuukuu, yule bibi kizee wa kituoni, hakuijua ngeni hii hata kwa jina.

Akaandika amri fupi: TERM=xterm. Yaani, nichukulie kama yule wa zamani unayemfahamu. Akaongeza nyingine ya kumtajia bibi huyo kioo cha Sindano kina mistari mingapi na upana gani. Akafungua faili tena. Kila mstari ukakaa mahali pake, na mshale ukashuka bila ubishi.

"Nitakuandikia barua," mkuu alisema polepole.

"Andika, mzee. Mimi naandika sifuri."

Akaiandika baada ya ile nne, ikawa arobaini, akahifadhi, akawasha pampu.

Nusu saa baadaye dada yake akapiga. "Yanakuja. Yana kutu kidogo, lakini yanakuja."

Mchana barua ikafika kweli, ikimtaka aeleze kwa nini alikaidi. Sindano alijibu kwa mistari mitatu: Nilikatazwa na nikasikia. Wodi ya wazazi haikuwa na maji. Likitokea tena nitafanya vivyo hivyo.

Akalipeleka jibu hilo mwenyewe, akasimama mbele ya meza mpaka mkuu alipomaliza kusoma, kisha akasukuma nakala yake, igongwe muhuri wa kupokelewa.