Duveti la Mkutubi

Mtu mwenye kitanda cha mbao ngumu, godoro jipya na mke mzima akiamua kwenda kulala msituni, ananing'inia kati ya miti miwili kama nguo mbichi, zamani angetafutiwa daktari. Siku hizi anapigiwa makofi na kuambiwa anajitunza.

Mume wa Mama Pasi alikuwa ameanza kujitunza namna hiyo. Alikuwa mkutubi katika maktaba ya mji: kutwa nzima alilipwa kuwanyamazisha watu, jioni alirudi nyumbani kunyamazishwa bure. Mkewe alikuwa fundi cherehani, duka lake limeungana na sebule, na jina la Mama Pasi alipewa na mtaa kwa sababu hakuna kilichotoka mikononi mwake bila kupigwa pasi, hata kitambaa cha kufutia meza. Mkunjo ulimkera. Nguo iliyofura mahali aliichukulia kama tusi. Bibi harusi aliyeshonewa na yeye alitoka amenyooka hasa, na kama alitaka kuketi, hilo lilikuwa shauri lake mwenyewe.

Kila mwezi mkutubi aliondoka na kikundi cha wapanda milima, dada yake akiwa mmoja wao, wakaenda kulala huko juu kwenye vitanda vya bembea, yaani kipande cha turubai laini na kamba mbili. Mama Pasi alialikwa mara moja. Alijibu kwamba yeye si popo.

Kwa hiyo alishangaa jioni moja mumewe alipokuja kusimama mlangoni mwa duka, karatasi mkononi, amejipanga kama mteja.

"Mama, nina ombi."

"Sema, mguu wangu uko kwenye cherehani."

"Kule juu baridi inaingilia chini. Blanketi la kujifunika ninalo, lakini mgongo unaganda. Ukililalia manyoya yake yanabanwa, na yakibanwa hayana joto tena. Kwa hiyo wenzangu wana duveti, blanketi nene la manyoya, linalofungwa kwa nje, chini ya kitanda. Yanayouzwa hayanitoshi urefu. Nikafikiri labda wewe..."

"Unataka nikishonee kitanda koti."

"Ndiyo."

"Na wewe uwe juu yake, hewani."

"Ndiyo, mama."

Jibu kali lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, nalo lilikuwa zuri, lakini Mama Pasi alilimeza. Ilikuwa miaka mingi mumewe hajamwomba kitu zaidi ya chumvi. Mara ya mwisho alipomshonea suruali alimsimamisha juu ya kiti akakisema kiuno chake mpaka wateja wakacheka, na tangu siku ile mkutubi, anayeishi na fundi anayesifiwa mtaa mzima, hununua nguo zilizoshonwa tayari. Jambo hilo lilimuuma Mama Pasi kuliko alivyokubali kulisema. Sasa mtu huyo amerudi mwenyewe, kwa miguu yake, na moyo wa Mama Pasi ukaruka kabisa. Alitaka kitu kimoja tu: mumewe alale ndani ya kazi yake, arudi aseme ni nzuri, na iwe kweli.

"Weka karatasi hapo," alisema. "Na usisimame mlangoni, unaziba mwanga."

Mchoro ule ulimchekesha. Vitambaa viwili, cha ndani na cha nje, katikati kuta nyembamba za neti za kugawa vyumba vya manyoya, na mpira kwenye ncha mbili. Mpaka hapo sawa. Lakini cha nje kilikuwa kipana kuliko cha ndani, tena kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Ukivishona pamoja, cha nje kitabaki kinapwaya na kufura huku na huku.

"Aliyechora hii alikuwa usingizini," alisema, akachukua mkasi.

"Lakini mama, kile cha nje wamesema..."

"Wewe umeshona nini tangu uzaliwe?"

Mkutubi alifikiri kwa uaminifu, akaona hajashona kitu. Mkasi ukapita. Vitambaa vikatoka sawa kwa sawa, mtu asingeweza kuvitofautisha hata kwa rula.

Kujaza manyoya kulifanyika bafuni, dirisha limefungwa na kuta zimemwagiwa maji ili yale yatakayotoroka yanase. Ilikuwa hesabu nzuri, isipokuwa manyoya laini ya bata hayajui hesabu. Mume alikabidhiwa kazi ya kushika mdomo wa mfuko. Akapiga chafya. Kwa muda mrefu hawakuonana. Ukungu ulipotulia, Mama Pasi alikuwa na nyusi za ajuza na mumewe ana ndevu asizowahi kuota, na nusura wacheke pamoja, jambo ambalo lingewashtua wote wawili. Badala yake akamwambia atoke nje kabla hajaharibu zaidi. Akamalizia peke yake, akashindilia kila chumba, maana kwa akili yake kizuri kikizidi ni kizuri zaidi.

Halafu, kwa kuwa mtu haachi tabia yake, akalipitishia pasi ya uvuguvugu.

Lilikuwa la kupendeza, lazima isemwe. Limelala bapa, mishono imenyooka, hakuna mahali palipotuna. Ungeweza kulivaa kanisani au msikitini bila kuangaliwa vibaya. Mkutubi alilipokea kwa mikono miwili, akaliangalia sana, akasema asante.

Aliporudi kutoka mlimani alikuwa na mafua ya kutosha nyumba nzima.

"Vipi duveti?"

"Limefaa sana."

"Joto?"

"Tele," alisema, akapenga kamasi.

Basi mtaa ukakoma. Kila aliyeleta suruali kufupishwa alisimuliwa habari za duveti. Muuza mboga, ambaye mlima hajaupanda hata kwa ndoto, alieleweshwa kwa nini baridi huingilia mgongoni. Mama Pasi alilitundika dukani, juu ya sare za shule, na alipopita chini yake alilitazama kama mtu anavyotazama cheti ukutani.

Aliyekuja kuharibu sherehe ni wifi yake. Dada huyo wa mumewe alikuwa muuguzi, mcheshi, na alileta gauni la kazi lifunguliwe kidogo kiunoni.

"Umenenepa, wifi," alisema Mama Pasi kwa furaha.

"Ndiyo maana baridi hainipati. Si kama kaka yangu." Wifi akainua macho, akaliona duveti, akacheka kabla hajajizuia. "Kumbe ndilo hili."

"Lina nini?"

"Halina kitu. Nipime."

Mama Pasi aliweka futi chini. Mtaani walijua maana ya fundi huyu kuweka futi chini.

"Wifi, mimi nimekatazwa kusema," alisema yule dada, akitafuta mlango kwa macho. "Alilala kwenye gari. Usiku wa kwanza alijaribu, meno yakawa yanagongana mpaka tukamsikia. Wa pili akaingia kwenye gari na nguo zake zote mwilini. Tukamwambia atupe hilo dude avumilie blanketi zetu, akakataa. Akasema, 'Mke wangu asijue.' Haya, nimesema. Sasa nipime."

Hakupimwa. Aliombwa aje kesho.

Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, baridi inakaa kwenye vidole. Mama Pasi alikifunga kitanda cha bembea kwenye nguzo mbili za baraza, akalifunga duveti chini yake, akalikaza kwa sababu hapendi kitu kinachoning'inia hovyo, kisha akapanda. Kupanda kwenyewe tusikuzungumzie. Mteja aliyekuja kuchukua koti la mtoto alimkuta fundi wake yuko hewani, miguu juu, akasema atarudi siku nyingine.

Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha baridi ikaja kwa mstari, pale kwenye mishono yake iliyonyooka, halafu ikajaa katikati ya mistari. Akapitisha mkono chini. Duveti lilikuwa limevutwa likamkaza mgongoni, manyoya yamebanwa yamekuwa membamba kama leso. Mwili ulikuwa umejipinda, na kitambaa cha nje, kinachozunguka mbali zaidi, hakikuwa na nafasi ya kuzunguka. Ni mambo ya kiwiko hayo. Maisha yake yote amekata mikono ya makoti akiacha nafasi nyuma ya kiwiko, ili mtu akikunja mkono nguo isimbane. Jambo hilo analijua akiwa amefumba macho. Hakulijua siku ile kwa sababu lilitoka mdomoni mwa mumewe.

Hakushuka. Kwanza hakujua namna ya kushuka. Lakini pia alitaka baridi impate, kama ilivyompata mumewe.

Mkutubi aliporudi kula cha mchana alimkuta hapo, midomo imebadilika rangi.

"Umenidanganya," alisema Mama Pasi.

Mumewe akasimama na mwavuli wake. "Nani amesema?"

"Mgongo wangu. Kwa nini hukuniambia lina baridi?"

"Ningekwambia, halafu?"

Mama Pasi akafungua kinywa amjibu, akaitafuta hiyo halafu, na akaiona yote: angemwambia amelifunga vibaya, angemwambia mgongo wake ndio una kasoro, angemsimulia kila mteja. Mtu huyu aliona heri apate mafua kwenye gari. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na hapo ndipo alipopata joto kidogo.

"Siku ile ulisema, 'Lakini kile cha nje.' Nikakukata," alisema. "Malizia."

"Zamani hiyo."

"Malizia, baba. Mimi siwezi kwenda popote, unaniona."

Mkutubi akaukunja mwavuli taratibu. Alikuwa hana mazoezi ya kumaliza sentensi. "Wamesema cha nje kikatwe kipana makusudi," alisema, "ili kikilegea manyoya yapate hewa. Na yasishindiliwe. Na..." akamtazama kama anayemwomba amsamehe hili, "na lisipigwe pasi kabisa."

"Haya. Nishushe."

Alilifumua siku ileile. Wembe ulipita kwenye mishono ambayo mtaa mzima ulikuwa umeoneshwa, na mkono wake, usiowahi kufumua kazi yake mwenyewe iliyokwisha kabidhiwa, ulisita mara moja tu. Bafuni mume alishika mdomo wa mfuko, akapiga chafya, manyoya yakapaa, na safari hii hakutolewa nje. Kitambaa cha nje kilikatwa kingine, kipana. Duveti likatoka limetuna, limekunjamana, lina matumbo huku na kule, yaani kila kitu alichowakataza wanafunzi wake wa ushonaji. Pasi ilibaki kabatini.

Walilifunga barazani. Mkutubi akapanda kwa ustadi wa popo, akatulia. Mama Pasi akasimama pembeni, pini mdomoni.

"Vipi?"

Alimwona akiyapima maneno, akichagua lile lisilo na hatari, na akazibana pini kwa midomo ili asimjibie.

"Mgongoni safi," alisema mumewe. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekanyaga sakafu iliyolowa: "Miguuni bado pana baridi. Kamba ya huku umeikaza mno. Na limeenda upande."

Hakuna mteja aliyewahi kumwambia Mama Pasi makosa matatu kwa mkupuo akatoka salama. Alipiga magoti chini ya bembea, akaanza kulegeza kamba, na furaha aliyokuwa nayo hakuwahi kuipata kwa sifa yoyote.

"Na lingine?" aliuliza.

"Lipo."

"Endelea, nasikia."