Sikio la Refa Nyange

Kwa misimu miwili Hija alipeperusha kibendera pembeni mwa uwanja, na kwa misimu miwili kitu kimoja kilimkereketa: Refa Nyange huwaambia nini wale watu?

Maana mambo yalikuwa hivi. Mchezaji akighadhibika humwendea refa mbio, mishipa ya shingo imemtutumka, mdomo unamwaga maneno ambayo Hija, kwa kuwa mbali, aliyaona tu bila kuyasikia. Nyange hainui hata kidole. Anamwinamia, anampa shavu. Yule anasema. Nyange anainama zaidi. Yule anasema tena, mabega yanashuka. Mara ya tatu utamwona mtu anatazama vidole vyake vya miguu kama mwari. Hapo Nyange hutoa kijidaftari, akaandika jina, na mpira ukaendelea.

Mjini Chake watu walishapata jibu. Ana dua, walisema. Wengine wakasema hapana, ana hirizi ndani ya filimbi. Hija alikuwa mwalimu wa hesabu, na alijua hirizi ndani ya filimbi ingezuia kile kikokwa cha ndani kisicheze. Lakini jibu lake mwenyewe hakuwa nalo.

Alhamisi moja Nyange akateguka mguu shambani. Fainali ya Gando na Chokocho ilikuwa Jumapili, kiwanja cha Gombani, na karani wa kamati alimfuata Hija shuleni kumpa filimbi.

"Ngumi moja tu, Mwalimu," karani alimwambia. "Ikirushwa ngumi moja, kikombe kinarudi dukani kwa Gulamali aliyekitoa, na kiwanja kinafungwa mpaka uchaguzi upite."

Haikuwa kauli ya kuchezea. Mwaka ule watu walikuwa wameshagawana kwa vyama hata visima. Alasiri ya mpira ndiyo pekee iliyobaki ambapo mtu alisimama bega kwa bega na jirani asiyemsalimia.

Basi Jumamosi asubuhi Hija akaenda kuitafuta ile dua. Alimkuta Bi Kazija, mke wa Nyange, anapepeta mchele uani. Nyange mwenyewe alilala kitanda cha kamba, mguu umefungwa kitambaa, amewapa mgongo.

"Shikamoo, Mzee."

Kimya.

"Shikamoo, Mzee Nyange!"

Kimya. Hija akadhani mzee kamkasirikia kwa kuichukua filimbi yake.

"Zunguka upande wa pili, mwanangu," Bi Kazija akasema bila kuacha kupepeta. "Hilo sikio la kushoto halina mwenyewe, tangu surua ya utotoni. Na la kulia nalo husikia likitaka."

Hija akazunguka. Nyange akashtuka, akamtazama mgeni, akamtazama mkewe, akaelewa.

"Kazija! Umenivua nguo!"

"Mbele ya nani? Kwani mwalimu mgeni?"

"Kamati wakijua wataninyang'anya filimbi." Akamgeukia Hija. "Na weye, ukilitoa hili nje ya ua huu, mie na weye basi."

"Halitoki, Mzee," Hija akasema kwa sauti ya darasani. "Lakini wale wachezaji unawaambia nini?"

"Mie? Wao ndio wanaoniambia! Mie nauliza tu: unasemaje? Maana sikusikia. Akisema tena, sisikii vilevile. Mara ya tatu ndiyo nasikia. Na mara ya tatu, Mwalimu, watu wa Pemba wana adabu mno. Sijapata kutukanwa hata siku moja."

Bi Kazija aliuinamia ungo, mabega yanamtikisika.

"Mzee, wanakutukana," Hija akasema.

"Nani?"

"Wote."

Nyange akajiinua kwa kiwiko. Alionekana kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haina paa. "Na Jecha? Jecha wa Chokocho?"

"Jecha kuliko wote."

"Jecha yule anayeniletea ndizi!"

Hija akarudi kwao bila dua, bila hirizi, na masikio mawili mazima.

Jumapili Gando walitangulia kwa bao moja. Zilipobaki dakika tano, Jecha, mpasua mbao mwenye mabega ya mlango, aliipasua ngome ya Gando hadi langoni, na Mmanga, beki wao, akamwingilia kwa miguu. Jecha chini, mpira nje. Hija alikuwa nyuma, jua usoni. Aliona miguu minne na vumbi. Akaonesha kona.

Jecha akaja.

"Wamekulisha, mbwa weye!"

Tusi lilimwingia Hija kwa masikio yote mawili. Damu ikampanda. Watu wa Chokocho walishavuka mstari; wa Gando walikuwa wanakunja mikono ya kanzu. Neno "Toka!" lilikuwa tayari nyuma ya meno yake, na alijua likitoka tu, ngumi italifuata. Akaitema filimbi. Akainama, akampa Jecha sikio la kushoto.

"Unasemaje?"

"Nasema wamekulisha!" Mbwa alikuwa keshatoroka.

"Nani?"

"Hawa Gando! Yaani… wamekukaribisha."

Hija akainama zaidi. "Sema tena, Jecha. Watu wanapiga kelele."

Hawakuwa wanapiga kelele. Pale pale walipofika walikuwa wamesimama kimya, shingo wamenyoosha, maana kila mmoja alikuwa na hamu ya misimu miwili ya kusikia kinachosemwa hapo. Jecha akayatazama masikio yote yale.

"Nasema," akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "mie naona ilikuwa penalti, Mwalimu."

"Mie nimeona kona. Jina lako?"

"Hunijui mie?"

"Jina lako."

"Jecha Bakar."

Hija akaandika taratibu, herufi kwa herufi.

"Mtajie na la bibi yako!" Mmanga akachombeza nyuma.

Hija akageuka, akampa sikio lile lile. "Unasemaje, Mmanga?"

"Sikusema kitu mie, Mwalimu."

Mtu mmoja wa Chokocho akacheka. Akafuata wa Gando, kisha kicheko kikazunguka uwanja mzima, na watu wakarudi nyuma ya mstari wakisukumana. Kona ikapigwa, golikipa akaidaka, filimbi ya mwisho ikalia. Gando wakachukua kikombe. Ngumi haikurushwa.

Jecha alimpita akijifuta jasho. "Mzee keshakupa dua yake, eti?"

"Unasemaje?"

"Aa, usinianze, yakhe!" Jecha akakimbia.

Watu walipopungua Hija alikwenda pale langoni kutazama. Vumbi lilikuwa limekanyagwa na kila mtu, halikumwambia kitu. Lakini ile miguu minne ilimrudia machoni, na safari hii aliona upi ulifika kwanza, na kwamba ulifika mguuni mwa Jecha, si kwenye mpira.

Nyange alikuwa amebebwa kwa baiskeli, akakalishwa kitini karibu na mstari, mguu juu ya tofali. Hija akachuchumaa upande wa kulia.

"Kakwambia nini Jecha?" mzee aliuliza, macho yanamng'aa kwa hamu.

"Kasema ilikuwa penalti!"

"Ehe. Na ilikuwa?"

Hija akatazama huku na huku. Kisha akainuka, akazunguka kiti, akamwinamia sikio la kushoto, akamjibu.