Glavu Majanini

Siku hizo wachezaji wa besiboli hawakuingia benchini na glavu zao. Zamu ya kudaka ikiisha, kila mtu aliivua yake, akaitupa majanini pale pale aliposimama, akakimbia kwenda kupiga. Mpinzani aliyekuja kusimama mahali pake aliikuta ya kwake inamngoja kando ya ile nyingine. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyegusa. Kuingia na glavu mkononi kulikuwa tusi, sawa na kwenda kula kwa watu na kijiko chako mfukoni.

Sisi ni Wayahudi, na kwa miiko yetu ya chakula mimi nilikuwa nikienda kwa watu na sahani zangu, kwa hiyo tusi hilo halikunitisha. Lakini Menashe, mume wangu, alipenda sana kuwa kama wenzake, na glavu yake aliiacha chini kila mara.

Menashe Zaltsman alicheza nyuma kushoto, huko mbali ambako mpira huchelewa kufika. Mpigaji alipoinua gongo, yeye alikuwa ameshaanza kukimbia. Sijui alijuaje. Baba yake alikuwa mfumaji wa hariri kule Paterson, na Menashe alianza kucheza kwenye timu za viwanda, Jumapili, kwa sababu Jumamosi, siku ya Sabato, baba hakuruhusu. Baadaye akaingia ligi ndogo akawa analipwa, na tukaanza kuhama miji: basi la usiku, chumba cha kupanga, mayai ya kuchemsha na sadini, kwa kuwa nyama ya hoteli hakula. Timu moja ilitaka aitwe Nat Salter. Alikataa. Alisema, "Baba hununua gazeti ili alione jina lake. Sasa mkiandika Salter, mzee wa watu atamsoma nani?"

Kokote tulikokwenda walimzomea. "We fundi cherehani! Shona suruali yangu!" "Nyoosha pua, ndiyo glavu yako!" Wanaume wazima, wana watoto nyumbani. Mimi nilikaa jukwaani na kikapu changu, nikatazama mbele. Lakini sisahau kwamba palikuwa na mama mmoja muuza karanga kule Scranton aliyekuwa akija kukaa kando yangu kila wakipiga kelele, akinimiminia karanga kiganjani. Watu kama hao walikuwepo. Nawakumbuka mmoja mmoja, na kwa ajili yao hasira yangu dhidi ya wale wengine ni kubwa zaidi, maana wangeweza kabisa kuwa kama yule mama.

Siku ninayotaka kuisimulia ni ya Agosti, mwaka elfu moja mia tisa thelathini na saba, mji mmoja wa makaa ya mawe Pennsylvania. Msaka vipaji wa timu moja ya ligi kuu alikuwa amekuja. Jina lake Tolliver, suti nyeupe, kofia ya majani. Alitaka mchezaji mmoja wa nyuma, na kila mtu alijua wanaoweza kuchaguliwa ni wawili tu: Menashe, au Clem Radley aliyecheza nyuma katikati, timu hiyo hiyo. Menashe alikuwa amekaribia miaka thelathini. Nafasi hiyo isingekuja tena.

Nilichagua kukaa mwisho kabisa wa jukwaa la kushoto, karibu na uzio wa waya, ili anione.

Mpira wa kwanza uliomjia, katika zamu ya pili, ulikuwa rahisi. Akauwahi, ukaingia kwenye glavu, ukatoka. Ukateleza kama samaki. Jukwaa likacheka. "Ameudondosha! Alidhani ni paja la nguruwe!"

Nilimwona Menashe anaingiza vidole kwenye glavu, anavinusa. Halafu akanitazama, na nikajua.

Mtu alikuwa amempakia mafuta ya nguruwe. Yale meupe, yaliyoganda, yanayouzwa kwa kopo. Tulipomsimulia baadaye baba mkwe wangu alisema, "Wapumbavu hawa. Torati imekataza kumla nguruwe, wala haikusema chochote kuhusu kumdakia mpira." Tulicheka mpaka machozi. Lakini ilikuwa baadaye. Siku ile hapakuwa na kicheko upande wangu wa waya. Waliofanya vile walitaka mambo mawili kwa mara moja: wamtie unajisi kwa walivyoelewa wao, na mpira umponyoke mbele ya Tolliver.

Menashe akamshuku mtu wa kwanza ambaye yeyote angemshuku. Mpinzani wake aliyecheza nyuma kushoto, mtoto wa wachimba makaa, Mpolandi mmoja mrefu, Kazik Wojtas. Glavu zao zilikuwa zinalala pamoja. Na kutoka benchini Menashe alimwona kwa macho yake akiinama juu ya glavu isiyo yake.

Zamu iliyofuata alipotoka kwenda kudaka, alimwahi Kazik kabla hajaondoka, akamkamata kola.

"Umeweka nini kwenye glavu yangu?"

"Niachie, bwana."

"Nimekuona umeinama! Umeweka nini?"

"Nimeweka? Mimi natoa!" Kazik akavuta shati lake mbele. Lilikuwa na alama ya mafuta kuanzia kifuani hadi kiunoni. "Tazama. Mama atanichinja kwa shati hili. Anayekupaka kaulize kwenu huko, usinisumbue mimi."

Mimi nilikuwa nimeshaona. Nilikuwa mita chache tu kutoka pale. Zamu ile ya mpira kudondoka ilipokwisha, Menashe alikimbia benchini kama kawaida yake, mbele ya wote, na Clem Radley akabaki nyuma akitembea taratibu, akapitia upande wa kushoto ambako hakuwa na shughuli, akapiga goti kana kwamba anafunga kamba ya kiatu. Kamba haikuwa imefunguka. Kisha akaja Kazik, akaokota glavu ya Menashe, akaifuta na shati, akailaza kifudifudi mahali pakavu.

"Menashe!" niliita kwenye waya. "Mwache huyo! Ni Radley! Nimemwona!"

Mume wangu alimwachia Kazik kola. Akamnyoosha shati, kama unavyomnyoosha mtoto anayekwenda shule.

"Samahani, ndugu yangu."

"Haya. Cheza," akasema Kazik. "Na ukidaka mpira wangu nitakulaani mimi mwenyewe, bila kutumia nguruwe."

Nikampa Menashe leso yangu kupitia tundu la waya. Akasugua glavu, akanirudishia leso nzito, yenye harufu. Sikukaa tena. Niliibeba leso ile mkononi, nikapita jukwaa zima, nikashuka hadi nyuma ya mpigaji alipoketi Bwana Tolliver na suti yake nyeupe, na nikaiweka pajani mwake.

Akaruka. "Mama, umerukwa na akili?"

"Nusa."

"Wewe ni nani?"

"Mke wa Zaltsman. Nusa. Hayo yametoka kwenye glavu ya mume wangu, na aliyeyaweka ni Radley, huyo mwingine unayemtazama. Ndiyo maana mpira umemtoka. Nimekuja ujue."

Akaishika leso kwa vidole viwili, akaiweka chini ya kiti. Hakuonekana kushangaa. Akatabasamu, na lile tabasamu, wajukuu zangu, ndilo ninalolichukia kuliko mafuta yenyewe.

"Najua," akasema. "Nimemwona Radley tangu zamu ya kwanza. Na kocha wenu anajua."

"Unajua, na umekaa?"

"Nimekaa natazama. Sikiliza, mama, usinipigie kelele. Kudaka anajua, hilo nililiona mwaka jana. Kule juu watamfanyia mabaya kuliko haya, kila siku, mbele ya watu elfu arobaini. Mimi sitafuti Myahudi anayejua kudaka. Natafuta anayejua kunyamaza."

"Na Radley? Yeye unatafuta ajue nini?"

Alitoa kitambaa chake akaanza kufuta suruali. "Mpelekee mumeo ujumbe wangu. Amalize mchezo kama wenzake. Glavu aiache majanini, mdomo aufunge. Akifanya hivyo, Jumatatu yuko kwenye treni na tiketi nalipa mimi. Akianza vurugu, namchukua Radley. Unaona ninavyomtakia mema?"

Nilirudi kwenye waya. Njia nzima nilijiuliza kama nimwambie. Angeweza kupata alichokitaka tangu utotoni kwa kunyamaza kwa muda uliobaki wa mchezo mmoja. Tayari alikuwa amenyamaza miaka yote. Ningekaa kimya, angeiacha glavu yake kama siku zote, na treni angepanda. Lakini sikuolewa ili nimchagulie mume wangu gizani. Nilimngoja apite karibu nikamwambia neno kwa neno, hata lile la Myahudi anayejua kunyamaza.

Akasikiliza akitazama chini.

"Treni Jumatatu?"

"Jumatatu."

"Na wewe Gitl, unasemaje?"

"Mimi nimeshakasirika kwa niaba yako mchana kutwa," nikamwambia. "Nimechoka. Sasa kasirika mwenyewe, au usikasirike. Chakula cha usiku kitakuwa kile kile."

Akacheka kidogo. Mayai na sadini.

Mpira wa mwisho wa zamu ile aliupiga Kazik. Aliupiga kweli kweli, hakumhurumia, ukaenda juu kuelekea ukuta wa kushoto. Menashe alikuwa ameshaanza kukimbia. Alikimbia ameupa mpira mgongo, akageuka mwishoni kabisa, akanyoosha mkono, na safari hii haukuteleza. Hata waliokuwa wanamzomea waliguna kwa raha. Zamu ikaisha.

Akatembea. Hakukimbia kama kawaida yake, alitembea kutoka nyuma kushoto hadi benchini, na glavu ilikuwa mkononi.

Ilichukua muda kabla watu hawajaelewa. Halafu zikaanza kelele. "Iache chini! Iache chini wewe!" Kocha Pruitt akatoka kumpokea kwenye mstari.

"Rudisha kitu hicho majanini."

"Hapana."

"Unawaita wenzako wezi mbele ya watu?"

"Siwaiti wezi, kocha. Mwizi huchukua. Mimi nimewekewa." Akampita Radley, akamnyooshea glavu ikiwa wazi. "Clem, kopo lako limebaki na kitu, au umemaliza?"

Radley akatazama viatu vyake. Kamba zilikuwa zimefungwa vizuri.

"Zaltsman," Pruitt akasema, "rudisha, au hugusi gongo tena katika timu hii."

Menashe akaketi mwisho wa benchi, akaiweka glavu magotini, akaifunika kwa mikono yote miwili. Pale ndipo ligi kuu ilipoishia. Nilimwona Tolliver anaandika kitu, anafunga kalamu.

Lakini mchezo uliendelea na mimi sikuondoka, na nashukuru, maana zamu iliyofuata ilipokwisha, Kazik Wojtas alivua glavu yake kama kawaida, akainama kuiacha, akasita. Akaitazama. Kisha akaichukua, akaitia kwapani, akatembea nayo hadi benchi lao. Kocha wake alimtukana kwa maneno ambayo sitayaandika. Kazik akamjibu, na mimi nilimsikia hadi kule kwenye waya: "Majani yana umande, kocha." Saa tisa mchana, Agosti, jua kali.

Walimchukua Radley. Alicheza ligi kuu miaka kadhaa, picha yake ilitoka gazetini, watoto walimkimbilia wapate sahihi yake. Menashe alifukuzwa, akapata timu nyingine ndogo, na nyingine, mpaka magoti yakakataa, halafu akaendesha gari la mkate Paterson. Kila mji aliingia benchini na glavu mkononi, na kila mji walimzomea kwa hilo pia. Kazik alikuwa akitutumia uyoga mkavu kila msimu wa baridi, na mimi nilimtumia mama yake shati jipya la mwanawe.

Miaka mingi baadaye ligi zilitunga kanuni kwamba kila mchezaji aingie na glavu yake. Gazeti lilisema ni kwa usalama, watu wasijikwae. Menashe aliisoma, akaikunja, akaenda kazini. Mimi sikuweza kuikunja. Hadi leo, nikimwona kijana kwenye televisheni anakimbia kuingia na glavu mkononi bila hata kufikiri, nasema kwa sauti kubwa sebuleni: "Huyo alilipiwa na Zaltsman! Alilipiwa kwa treni yake!" Nanyi wajukuu mnaniambia, Bibi, punguza sauti, majirani watasikia.

Wasikie.