Pampu Iliyowashwa kwa Huruma

Mama Pacha aliamka amechoka kama mtu aliyelala amesimama. Watoto wake wawili walikuwa wamejikuna usiku kucha, na mwalimu wao alishatuma ujumbe kuuliza kama kuna upele nyumbani. Lakini watoto wana kucha zao, watajikuna. Aliyemkosesha raha ni mama yake mzazi, Bibi yao, aliyekuwa chumba cha mbele. Tangu apigwe na kiharusi upande mmoja, Bibi alikuwa wa kugeuzwa, kulishwa na kubebwa. Viroboto walikuwa kama wanajua. Walimuuma mgongoni na nyuma ya paja, pale ambapo mkono wake mmoja mzima haukufika, naye akabaki kutoa machozi kimya kimya.

Paka ndiye aliyewaleta, na paka mwenyewe aliletwa na wifi, dada wa mumewe, eti afukuze panya. Panya walihama kweli, wakawaachia viroboto nafasi.

"Wifi, ulituletea paka au ulituletea mifugo?" Mama Pacha alimuuliza.

"Mifugo mlikuwa nayo," wifi akajibu. "Mpaka ya majini mnayo."

Alikuwa anazungumzia tangi la samaki. Mume wa Mama Pacha, mlinzi wa usiku, alilileta kutoka ofisi moja iliyokuwa inahama, akaliweka mbele ya kitanda cha mkwewe aliyekuwa anashinda akitazama ukuta. Tangu siku hiyo Bibi akawa na kazi. Asubuhi alikuwa anafungua macho na kutafuta tangi kwanza, watu baadaye. Samaki mmoja mkubwa, mwekundu, alimwita Mkwe, kwa sababu alikuwa anafungua mdomo siku nzima na hasemi neno. Usiku mlio wa pampu ya hewa, ile inayotoa mapovu, ndio uliokuwa unamlaza. Ukikatika umeme, Bibi anaamka.

Kwa hiyo Mama Pacha alipokwenda dukani kununua dawa ya kupuliza, hakuinunua kichwa kichwa. Alisema nyumbani kuna mgonjwa, kuna watoto, kuna tangi. Muuzaji akamwambia wazi kwamba dawa inayoua kiroboto inaua samaki upesi zaidi, hata ikiwa chembe. Bora kuwahamisha kabisa. Kama haiwezekani, alifunike tangi usibaki upenyo, na pampu aizime, maana pampu inavuta hewa ya chumbani na kuiingiza majini. Iwashwe tu baada ya madirisha kukaa wazi na harufu kuisha. Tena asidhani atapuliza mara moja akamaliza, kwa kuwa mayai hayafi. Yataanguliwa, naye atapuliza tena.

Kuwahamisha aliwaza, akatazama mikono yake. Alikuwa amemgeuza Bibi tangu alfajiri, amechemsha mashuka yote na kuyaanika, amefagia mpaka chini ya makabati, amemchana paka kwa kitana huku paka anamparura. Kubeba maji na samaki tena? Alisema moyoni kwamba kufunika kutatosha.

Alizima pampu. Alifunika tangi kwa nailoni, juu yake akaweka shuka lililolowa, akabana kingo zote. Watoto walikuwa shule. Akampakia Bibi kwenye kiti cha magurudumu, akampeleka barazani kwa jirani, kisha akarudi akafunga kitambaa puani na kupuliza sakafuni, kwenye pembe na chini ya kitanda. Alipotoka alimwomba wifi akae nje, na muda ukifika aingie afungue madirisha.

"Ila usiguse kitu," alimwambia.

Hapo ndipo alipokosea, na kila mwenye tangi nyumbani aangalie sana hapa. Alisema usiguse, hakusema kwa nini. Uchovu ulimmezea maneno. Muuzaji alimweleza yeye, naye akaona kama ameelezwa kila mtu.

Wifi alifungua madirisha kama alivyoambiwa. Alikuwa na mdomo mkali, lakini moyo wake ulikuwa laini kuliko mdomo. Kupita karibu na tangi akaona limekuwa kimya kama kaburi. Akainua upindo wa shuka kidogo tu, achungulie. Samaki walikuwa wamepanda juu, wanahema midomo wazi. Masikini, akasema, huyu mwanamke kwa kuchoka amesahau kuwawashia. Akabonyeza swichi, mapovu yakaanza, naye akatoka nje ameridhika.

Mama Pacha alipotoka kwa jirani kuja kuangalia, harufu ya dawa bado ilikuwa inawasha macho. Akiwa mlangoni akasikia mapovu. Akakimbilia tangini.

Alizima, akang'oa nailoni. Wadogo walikuwa wameshalala ubavu. Wengine walikuwa wanazunguka kama walevi na kujigonga kwenye kioo. Jikoni kulikuwa na ndoo ya maji aliyoyaacha yakae tangu jana yake, ya kusafishia tangi. Alishika chujio akaanza kuwavua, huku wifi amesimama nyuma yake anauliza kuna nini. Alipojibiwa, hakutania. Alienda akaleta gazeti, akawafunga waliokufa bila kuambiwa.

Waliopona ni Mkwe na vijisamaki vichache vya chini ya jiwe.

"Kaka yangu hafi kirahisi," wifi alisema kwa sauti ndogo, akimtazama Mkwe ndani ya ndoo.

Ilibaki kumwambia Bibi. Jioni, nyumba ilipokwisha kupata hewa na sakafu kupigwa deki, walimrudisha kitandani. Alitazama tangi, likiwa tupu na kavu, kisha ndoo iliyokuwa kando yake. Mama Pacha akaeleza yote, dawa, pampu, huruma ya wifi, uchovu wake mwenyewe. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Maneno yake siku hizo yalikuwa yanatoka kwa kuburutwa, moja moja.

"Mimi... mlinitoa," alisema. "Wao... je?"

Aligeuza uso ukutani, na siku zilizofuata chakula alikuwa anakila nusu. Hata tangi liliposuguliwa, likajazwa maji mapya na Mkwe akarudi humo, alikuwa analitazama kwa jicho la pembeni.

Viroboto nao walirudi, kama muuzaji alivyosema. Watoto walianza kujikuna tena, na Bibi alianza kulia tena kimya kimya. Mama Pacha alikaa kitako sakafuni akiwa na kopo la dawa mapajani, akatamani mtu mwingine awe mama wa nyumba hiyo kwa siku moja tu. Halafu akainuka. Safari hii hakutafuta nailoni. Alichukua chujio na ndoo.

Wifi alisukuma kiti cha Bibi kuelekea kwa jirani, Mama Pacha akitembea kando na ndoo ya samaki. Walipofika mlangoni Bibi alinyoosha mkono wake mzima kuelekea ndoo. Walidhani anataka kuona tu. Hapana, alitaka kupewa. Wakampakatisha, wakamfunga khanga kuizunguka isianguke, naye akaikumbatia kwa mkono ule mmoja. Maji yalikuwa yanamrukia kifuani kila gurudumu likigonga jiwe, na wifi akapunguza mwendo.

"Taratibu," Bibi alisema. "Mkwe... analala."